Lamalera: kijiji cha chusa kinachoishi kwa mahindi

Anayeitaja Lamalera huanza na picha ileile: mwanamume karuka kutoka omo ya chombo, mwanzi mrefu wenye chusa, mkuki wa kuwindia baharini, mikononi, yuko hewani juu ya mgongo wa nyangumi. Picha ni ya kweli. Mimi kazi yangu ni kusoma vyombo vya mbao na wavuvi wanaovitumia, na kilichonipeleka kule ni picha hiyo. Nilikaa wiki tatu. Niliporudi nikafungua daftari, nikakuta zaidi ya nusu ya kurasa zinazungumzia mahindi.

Kwanza tujue tuko wapi. Mashariki ya kisiwa cha Flores, katika mkoa wa Nusa Tenggara Timur nchini Indonesia, kuna visiwa vitatu vilivyofuatana: Solor, Adonara na Lembata. Cha mwisho, ambacho ramani za zamani hukiita Lomblen, ndicho chetu. Mji wake mkuu ni Lewoleba, upande wa kaskazini, na hapo ndipo boti za abiria kutoka Larantuka, bandari ya Flores, hufunga gati. Lamalera iko upande wa pili, kusini, imetazamana na Bahari ya Savu. Kutoka Lewoleba hadi huko hakufiki kilomita 60, lakini usidanganywe na kilomita. Unapanda lori lililofungwa mabenchi ya mbao, unabanana na magunia ya mchele na kuku waliofungwa miguu, na barabara inapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa. La kwetu lilikatika springi njiani. Tukakaa chini ya mti hadi alasiri, na hakuna hata abiria mmoja aliyelalamika, jambo lililonifundisha kitu kuhusu barabara ile kuliko maelezo yoyote.

Kijiji kimeng'ang'ania miguuni mwa mlima Labalekan, ambao ni volkano. Kina sehemu mbili, ya juu na ya chini, ambazo serikali inaziandika Lamalera A na Lamalera B, na watu wake wote ni kama 2,000 hivi. Chini kuna ghuba ndogo ya mchanga mweusi, na kandokando ya mchanga mabanda ya makuti yamepangwa bega kwa bega, kila banda na chombo chake. Kuna kikanisa kidogo cha Mtakatifu Petro palepale ufukweni, maana watu hawa ni Wakatoliki. Padre wa kwanza kuweka makazi hapo, Bernardus Bode, alifika 1920. Mifupa ya nyangumi imetapakaa kama vigogo vilivyoletwa na maji. Geuka sasa utazame nyuma ya kijiji: mawe, mteremko, vichaka vikavu. Hakuna mahali pa kulima.

Hilo la kukosa shamba lina historia. Wazee wanasimulia kwamba wahenga wao walitoka mbali, Luwuk huko Sulawesi, wakahamahama, wakakaa kwenye kisiwa cha Lepan Batan upande wa mashariki ya Lembata, mpaka bahari ilipopanda ikakizamisha. Walipofika hapa waliwakuta wenyeji wenye ardhi. Waliochelewa wakapewa ufukwe, mlima ukabaki na wenyewe. Yote nitakayoeleza yanatokana na mkataba huo wa kale: mmoja ana udongo na hana samaki, mwingine ana samaki na hana udongo.

Nianze na chombo, nivumilieni, ndiyo kazi yangu. Kwa Lamaholot, lugha yao, kinaitwa téna. (Niliandika neno hilo daftarini bila alama, na leo nikisoma nakutana na sentensi kama "asubuhi wameshusha tena tena.") Kina urefu wa mita 10 na ushei, na mirengu miwili, mmoja kila upande, kama ngalawa zetu. Si ajabu: watafiti wengi wanaona ngalawa ya pwani ya Afrika Mashariki ni mjukuu wa vyombo vya watu wa visiwa hivi, jamaa za wale waliovuka bahari wakaifanya Madagaska kwao. Mlingoti wao una miguu miwili, na tanga limesukwa kwa majani ya mnyaa, vipande vya mraba vilivyoshonwa pamoja kama mkeka. Ndani ya mbao hakuna msumari hata mmoja. Ubao unakalishwa juu ya ubao kwa vigingi vya mti, kisha mataruma, mbavu za chombo, yanafungwa kwa kamba kwenye vinundu vilivyoachwa wakati ubao unachongwa. Fundi aliniruhusu nipitishe kidole kwenye kiungo. Sikuona mwanga, wala ukucha haukuingia. Nikaikumbuka mitepe yetu iliyoshonwa kwa kumbi, ambayo leo tunaiona kwenye makumbusho tu.

Kwenye omo kuna jukwaa la mianzi linalotokeza mbele. Hapo husimama lamafa, mrusha chusa. Kusema "mrusha" ni kosa, kwa sababu harushi: anaruka pamoja na chusa, uzito wa mwili wake ndio unaolizamisha, kisha anaogelea kurudi kama mkia wa mnyama haujamkuta. Mawindo makubwa ni nyangumi mwenye meno, wanayemwita kotekelema, ambaye dume lake hufika mita 16 hata 18. Bahari ya Savu ina kina kikubwa karibu sana na nchi, na milango ya bahari kati ya visiwa inamfanya apite hapo akitoka Bahari ya Hindi kwenda Pasifiki na kurudi. Nyangumi wasio na meno hawaguswi. Masimulizi yanasema mmoja wao aliwahi kuwabeba wahenga, na deni hilo halijafutwa. Wale wanaopita kwetu Mafia, Unguja na Watamu kati ya Julai na Oktoba ni wa kundi hilo, kwa hiyo hata wangefika Lamalera wangepita salama.

Msimu, lefa, unafunguliwa kwa misa ufukweni tarehe 1 Mei, na unaendelea hadi Oktoba. Nje ya msimu vyombo vinashushwa tu pale mtu anapomwona nyangumi kutoka juu na kupiga kelele "Baleo!", ukelele unaodakwa nyumba kwa nyumba hadi kijiji kizima kinakimbilia mchangani. Lakini kabla ya misa kuna jambo la kale zaidi. Ukoo wa Wujon, wenye ardhi, hupanda mlimani hadi kwenye jiwe lenye umbo la nyangumi na kufanya matambiko ya kumwita. Tafakari hapo: wa kumwita nyangumi ni watu wa nchi kavu, na akipatikana wana fungu lao.

Nami niseme ukweli, sikumwona nyangumi akiuawa. Siku 21 nzima vyombo vilitoka na kurudi na samaki mruko, pomboo wawili, na siku moja samaki taa mkubwa. Wazee walinituliza kwamba kuna miaka ya nyangumi makumi na miaka ya kuhesabu kwa vidole. Nilichokikuta ni nyangumi aliyepatikana kabla sijafika, tayari kageuka kuwa nyama iliyoanikwa. Kila ua ulikuwa na fito, kila fito imejaa vipande vyeusi vya urefu wa mkono, na chini yake mianzi iliyopasuliwa inayokinga mafuta yanayodondoka. Harufu yake? Chukua papa wa chumvi wa soko lolote la pwani, muweke juani mara kumi. Siku ya tatu pua inazoea.

Ugawaji ndio ulionishika. Nyangumi hagawiwi kwa huruma wala kwa nani kafika kwanza na kisu. Mwili wake una mipaka inayojulikana, kama shamba la urithi. Kuna fungu la ukoo wenye chombo, la lamafa, la kila baharia, la fundi aliyekiunda, la mhunzi aliyefua chusa, la walioshona tanga. Kila aliyepata naye ana watu wa kuwapa. Na juu ya wote wanataja kide knuke, yaani wajane, mayatima na wasiojiweza. Ukimwuliza baharia anakwenda baharini kwa ajili ya nani, hilo ndilo jibu atakalokupa kwanza. Mzee mmoja alinichorea nyangumi mchangani kwa kijiti na kumkata mistari huku akitaja wenye mafungu. Mjukuu wake akamsahihisha mstari mmoja. Mzee akaufuta, akachora upya.

Desturi hii imewahi kupimwa. Mwanaanthropolojia Michael Alvard alifanya hapa mchezo ambao wataalamu wa uchumi waliufanya pia katika jamii nyingine ndogo za mabara mbalimbali. Unapewa kitu, umgawie mtu usiyemjua kiasi upendacho; akikataa mgawo wako, nyote mnakosa. Kwa Wamachiguenga wa Peru wastani wa mgawo haukufika asilimia 30. Lamalera ulizidi nusu: mtu alimpa mwenzake zaidi ya alichojibakishia. Wasomi walishangaa. Angalia lakini kazi yenyewe: chombo kinahitaji watu kumi na zaidi, hakuna anayeweza kumuua nyangumi peke yake, na anayesifika kwa uchoyo hatapata wa kupiga naye kasia kesho.

Mwaka 1973 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilimleta mtaalamu wa Norway afundishe uwindaji wa kisasa. Mradi haukudumu, wakarudi kwenye téna zao. Boti ya mashine, ambayo kule huitwa jonson, iliingia baadaye kwa mlango wake yenyewe, na siku hizi mara nyingi ndiyo inayoivuta téna hadi karibu na mnyama.

Sasa mahindi. Nyama ikishakauka, kazi ya wanaume imekwisha na ya wanawake imeanza, na kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo inayokiweka kijiji hai. Wanapanga nyama kwenye ungo, wanajitwisha, wanapanda mlimani kwa miguu hadi vijiji vya wakulima, nyumba kwa nyumba, au wanakwenda kwenye soko la Wulandoni siku ya Jumamosi. Pale pesa ipo lakini si bwana. Biashara ni ya kubadilishana: nyama, samaki, chumvi na chokaa kwa upande mmoja, mahindi, ndizi, mihogo, viazi, tambuu na popoo kwa upande mwingine. (Naam, wanatafuna uraibu kama bibi zetu, na chokaa ya tambuu ni mali ya pwani.) Watu hufika mapema, wanapanga vitu chini, wanatazamana, wanatupiana macho ya bei, lakini hakuna anayegusa. Mpaka msimamizi wa soko apulize filimbi. Ikilia tu, wote wanainuka kwa pamoja, na vurugu inayofuata ni ya kufurahisha kweli. Hesabu inakwenda kwa sita na kumi na mbili: kipande cha nyama kwa mahindi 12, samaki mdogo kwa ndizi sita, na kadhalika. Hakuna mabishano marefu. Wengi wameshajuana, mama zao walibadilishana na mama za hawa.

Ndiyo maana najikuna kichwa ninaposoma mijadala ya nje inayoizungumzia Lamalera kana kwamba suala ni idadi ya nyangumi tu. Nyangumi wanalindwa na sheria ya Indonesia, na Lamalera huachiwa kama wawindaji wa kujikimu. Mwaka 2009 hifadhi ya Bahari ya Savu ilipotangazwa, maji ya Lembata yaliachwa nje baada ya wanakijiji kupinga. Mwaka 2014 taa wakubwa wakapigwa marufuku kuvuliwa nchi nzima. Wanyama hao wanazaa polepole sana, na sababu ya marufuku naielewa. Ila taa ndiye aliyekuwa akiziba wiki zisizo na nyangumi, na wiki hizo ndizo nyingi. Ukimwondoa, ungo wa Jumamosi unakuwa mwepesi, na anayehisi wepesi huo kwanza si lamafa.

Jumamosi yangu ya mwisho nilimsindikiza mama aliyenipa chumba. Nilimwita Mama, naye aliniita kaka, neno ambalo kule ni la heshima kwa mkubwa awe wa kiume au wa kike. Nilijisikia niko nyumbani bila kustahili. Alikuwa na vipande saba. Baada ya filimbi hakuchukua hata nusu saa. Tulipokaa kivulini kuhesabu aliniuliza kama kwetu nyangumi wapo.

"Wapo, Mama. Mara mojamoja anakwama ufukweni, anakufa."

"Mnamgawa vipi?"

Nikamweleza kwamba sisi hatumli, watu wanakuja kumtazama, wanapiga picha, kisha serikali inatafuta namna ya kumfukia.

"Sijauliza kula, kaka. Nimeuliza kugawa."

Nikanyamaza. Akaendelea kupanga mahindi sita-sita kwenye ungo. Likabaki moja la ziada, akalitupia kwenye mkoba wangu, akajitwisha, tukashika njia ya kurudi.