REN si idadi ya simu

"Laini ya mezani inabeba simu tano." Sentensi hii husemwa na mafundi, huandikwa na wauzaji, na ukiifuatilia chanzo chake utakuta mtu aliona "REN 5" mahali fulani akaitafsiri kuwa "idadi ya kengele". Kumbe unaweza kuweka simu kumi kwenye laini moja na zote zikaita vizuri. Unaweza pia kuweka vifaa vitano vya zamani ukasikia kengele zinakwaruza tu.

REN ni kipimo cha mzigo ambao kifaa kinaiwekea laini wakati umeme wa kuita unapopita, kikilinganishwa na kengele moja ya kawaida. Jumla ya REN za vifaa vyote vilivyo kwenye laini moja isizidi uwezo wa laini hiyo, ambao Marekani kwa kawaida ni 5, Uingereza 4 na Australia 3. Maana yenyewe inaishia hapo. Linalosumbua ni jina.

REN ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ringer equivalence number, na kila neno kati ya hayo limempoteza mtu. Tuanze na ringer. Hiyo ni kengele ya simu, yaani sehemu inayoitika umeme wa kuita. Simu nzima ni kitu kingine. Mkono wa simu ukishainuliwa, mlio unakatika na REN haina tena la kusema. Ubora wa sauti, kasi ya modemu na simu ngapi zinaweza kuinuliwa kwa pamoja kusikiliza mazungumzo yaleyale ni mambo ya mkondo wa laini, na kuyajibu kwa REN ni kupima urefu kwa mizani.

Neno la pili, equivalence, ni ulinganifu. Ulinganifu na nini? Na kengele ya chuma. Kuanzia 1950 hadi Bell System, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, ilipovunjwa mwaka 1984, simu ya kawaida ya mezani katika nyumba za Marekani ilikuwa Western Electric 500, yenye kengele mbili za chuma, nyundo katikati na koili ya kuichezesha. Kengele ya aina hiyo ndiyo REN 1. Katika hesabu za wahandisi inawakilishwa na ukinzani wa ohmu 6,930 ukifuatana na kapasita ya maikrofaradi 8, na kwa umeme wa hezi 20 (mizunguko 20 kwa sekunde), ambao ndio unaotumika zaidi kuitia huko, viwili hivyo kwa pamoja ni kama ohmu 7,000. Simu ya kielektroniki haina nyundo ya kusukuma. Inachohitaji ni kutambua tu kwamba umeme wa kuita umefika, ndiyo maana nyingi zina REN ya 0.1 hadi 0.8. Simu kumi za 0.3 zinatoa jumla ya 3.0. Simu tano za 1.2 zinatoa 6.0, nazo zimeshapita kikomo.

Halafu number, neno linaloleta kero kubwa zaidi. Kiingereza kina neno moja pale ambapo sisi tuna mawili: namba na idadi. Idadi ni ya vitu vinavyohesabika, kimoja, viwili, vitatu, na hakuna idadi ya simu iliyo 0.3. Namba inaweza kuwa kipimo. Mtafsiri aliyeandika "idadi" ndiye aliyezaa zile simu tano. Kanada walikuwa na istilahi bora kwa miaka mingi: waliiita namba ya mzigo. Kila kifaa kilipewa asilimia ya mzigo wote na jumla haikutakiwa kupita 100, hata mtoto angeelewa. Baadaye nao wakaiacha na kuhamia REN yenye kikomo cha 5.

Namba hii iliingia katika sheria kwa sababu hapo awali mteja wa Marekani hakuruhusiwa kuunganisha kifaa chake mwenyewe kwenye laini. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilitoa uamuzi wa Carterfone, kifaa cha kuunganisha redio na laini ya simu, uliofungua mlango, lakini kampuni za simu zikadai kila kifaa cha mteja kipitie kwenye kisanduku cha kinga kilichokodishwa kutoka kwao. Kanuni za FCC ziitwazo Part 68, zilizopitishwa 1975 na kuanza kutumika kikamilifu baada ya kesi mahakamani, ziliondoa kisanduku hicho na kuweka usajili mahali pake. Masharti yake ni ya kuulinda mtandao: kifaa kisimpige umeme fundi wa kampuni, kisiharibu mitambo, kisivuruge hesabu za malipo, kisiharibu huduma ya mteja mwingine. Mlio mzuri haumo kwenye orodha hiyo. Kifaa kinaweza kusajiliwa na bado kikawa kibovu masikioni. (Kabla ya hapo kampuni ziliweza kugundua simu za ziada zilizounganishwa kwa siri kwa kupima mzigo wa kengele kutoka upande wao wa laini, na wajanja walikuwa wakiitoa kengele ya simu ya pili ili isihesabiwe. Wajanja hao walikuwa wameielewa REN kabla haijapewa jina.)

REN iliyo kwenye lebo ya kifaa si wastani. Kifaa hupimwa kwa njia zaidi ya moja, zikiwemo ukinzani wake wakati hakitumiki na kiasi kinachovuta wakati wa mlio, kisha tokeo kubwa kuliko yote ndilo linalochapwa. Herufi inayofuata namba inaonyesha umeme wa kuita wa hezi ngapi ulitumika: A ni hezi 20 au 30, na B ni masafa mapana kuanzia 15.3 hadi 68. Kifaa cha 1.0B kimepimwa kwa masafa yote hayo. Cha 1.0A hakijaahidi chochote nje ya 20 na 30.

Vifaa vya Marekani vya kuanzia 2001 vimeleta kosa jipya, kwa kuwa REN haisimami tena peke yake bali imefichwa ndani ya kitambulisho. Kitambulisho kinaanza na US na nukta mbili, zinafuata herufi tatu za mwenye kifaa, mbili za aina ya kifaa, tarakimu mbili, herufi T, kisha alama za modeli. Zile tarakimu mbili ndizo REN, bila nukta ya desimali. 03 ni 0.3 na 10 ni 1.0. Anayesoma 10 kama kumi atatupa simu nzima, na anayesoma 03 kama tatu ataamini laini yake imejaa kwa simu mbili.

Katika kujumlisha, hesabu kila kinachogusa nyaya mbili za laini: faksi, modemu, mashine ya kurekodi ujumbe, kipiga simu cha kengele ya wezi. Hata kisichotoa mlio lazima kiutambue umeme wa kuita, kwa hiyo kina mzigo. Kuzima mlio kwa swichi hakuondoi mzigo katika simu nyingi za kielektroniki. Kinachonyamaza ni spika, sakiti ya kutambua inabaki kwenye laini. Kwa upande mwingine, simu isiyo na waya yenye mikono mitano inahesabiwa mara moja tu, kitako chake. Mikono mingine inaitwa kwa redio na laini haina habari nayo.

Kikomo chenyewe kinatokana na waya. Tuseme umeme wa kuita ni volti 90 na waya wa kwenda na kurudi una ohmu 700. Mzigo wa REN 2 ni kama ohmu 3,500, hivyo kwenye vifaa hufika volti 75. Mzigo wa REN 5 ni ohmu 1,400, nako hufika volti 60. Ukiongeza mzigo, kengele za chuma ndizo hunyamaza kwanza maana zinahitaji nguvu ya kusukuma nyundo, huku za kielektroniki zikiendelea kulia kana kwamba hakuna tatizo. Wakati mwingine mlio hukatika katikati na mtambo wa kampuni ya simu ukadhani simu imepokewa. Hapo chunguza pia uvujaji wa umeme: kwa Part 68, kifaa kisichotumika kinatakiwa kiwe na ukinzani wa zaidi ya megaohmu 5 kwa umeme wa moja kwa moja wa hadi volti 100, na soketi yenye unyevu inaweza kuwa chini ya hapo. Chomoa vifaa kimoja kimoja, ukianza na chenye REN kubwa, upige simu kila baada ya kuchomoa.

Visanduku vya simu za intaneti vinatengeneza umeme wa kuita vyenyewe, na vingine havifiki 5. Tazama maelezo ya kisanduku kabla ya kuhamishia nyaya za nyumba nzima hapo.

Basi aliyeandika "laini inabeba simu tano" hajapotea mbali. Abadilishe neno moja tu, "simu": "laini inabeba mzigo wa kengele tano", kengele zenyewe zikiwa za chuma. Na kama ana nafasi ya kuhariri maandishi yake, afute "idadi" aandike "namba ya mzigo wa kengele".