Breki zinazojikamata zenyewe: safari kutoka gurudumu hadi pedali

Kwanza tuelewane kuhusu gari lenyewe. Ninaloliongelea hapa halikutoka kiwandani likiwa zima, lilitoka kwenye maboksi: chasisi ya mabomba ya chuma, bodi ya faibaglasi na mifuko ya nati. Injini, giaboksi, ekseli na breki mwenyewe anavitoa kwenye gari jingine lililochinjwa. Waingereza ndio mabingwa wa mchezo huu. Lotus Seven ya mwaka 1957 iliuzwa hivyo, vipande vipande, na Caterham waliochukua haki zake mwaka 1973 bado wanauza gari la namna hiyo kwa mtu anayetaka kujifungia mwenyewe. Mimi naliita gari la kujiundia, maana nikiandika “gari la kiti”, kutoka Kiingereza “kit car”, mtu atadhani nashona makochi.

Shida ya breki za gari kama hili ni kwamba hakuna kitabu chake. Kalipa za mbele (vibanio vyenye pistoni inayosukuma pedi kwenye diski) zimetoka gari hili, masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali) gari lile, pedali kachomelea mwenye gari, mabomba kayakata na kuyakunja gereji kwake Jumapili mchana. Muuza spea akiuliza “ni ya gari gani?” huna jibu la kweli. Ndiyo maana kwenye magari haya mimi sianzi na spea. Naanza na kutafuta presha inakaa wapi.

Nitaeleza kwa gari moja lililonifika. Malalamiko yalikuwa haya: likiwa baridi linakwenda vizuri, lakini baada ya robo saa ya kufunga breki hapa na pale pedali inapanda juu na kuwa ngumu kama jiwe, gari linaanza kujivuta, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Ukiliacha lipoe nusu saa linarudi zima kama vile hakuna kilichotokea. Mwenye gari alikwishabadilisha pedi na diski, kisha akabadilisha na mipira ya breki ya mbele, yaani mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye kalipa. Hali ikabaki ileile.

Nililiendesha mpaka likajikamata, nikalirudisha, nikalipandisha kwenye stendi likiwa bado la moto. (Jeki peke yake usiiamini, hata kwa dakika mbili.) Magurudumu ya mbele hayakuzunguka kabisa, ya nyuma yalikuwa mazito kidogo. Nikavaa miwani na glavu, nikafungua nipeli ya kutolea upepo ya gurudumu la kushoto robo mzunguko. Mafuta yakaruka, gurudumu likaachia. Hapo tayari umejua jambo moja: pistoni haijagandana na kutu, kuna presha imefungiwa ndani. Kama ingekuwa kutu, ungefungua nipeli mpaka kesho na gurudumu lisingesogea.

Lakini kilichonifurahisha ni gurudumu la kulia. Nalo liliachia, ingawa sikuligusa. Kwenye gari hili breki mbili za mbele zipo kwenye njia moja ya mafuta. Kumbe presha ya kulia ilipita kwenye mpira wake, ikaingia bomba la katikati, ikapita mpira wa kushoto na kutokea kwenye nipeli yangu. Mipira yote miwili iko wazi. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani ukawa kama vali, mafuta yanakwenda yakisukumwa na mguu lakini hayarudi, na ndiyo hofu iliyomfanya mwenye gari anunue mipya. Jaribio la dakika mbili lingemwokolea fedha.

Nikafunga nipeli, nikalipasha moto tena mpaka likajikamata. Safari hii sikugusa magurudumu. Nililegeza zile nati mbili zinazoshikilia masta silinda kwenye ukuta wa pedali, kiasi cha milimita mbili tu, na kuivuta silinda mbele. Mafuta yakachuruzika kurudi kwenye kikopo chake, ukisogeza sikio unayasikia, na magurudumu yote manne yakawa mepesi.

Sababu ni hii. Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo mno linalounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Ukiachia pedali, pistoni inarudi nyuma na kulifungua. Mafuta yakipata joto yanatanuka, na yanapumulia hapo. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni lazima pawe na nafasi kidogo, kama milimita 1, ili pistoni iweze kurudi mpaka mwisho. Ikikosekana, pistoni inabaki mbele nywele moja, sili (pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje) inakaa juu ya tundu, na mafuta yanayotanuka hayana pa kwenda isipokuwa kusukuma pedi. Pedi zikikamata zinaleta joto zaidi, joto linaongeza presha, na ndiyo hivyo mpaka gari linasimama lenyewe.

Nilimuuliza mwenye gari kama aliwahi kugusa fimbo ile. Akasema ndiyo, pedali ilikuwa na mchezo kidogo hakuupenda, akairefusha mpaka mchezo ukaisha. Mchezo ule ndio uliokuwa ukiyaachia magurudumu yake.

Kurekebisha fimbo ni kazi ya spana mbili. Lakini breki zilizopikwa mara kadhaa huwezi kuziacha hivyo. Diski zilikuwa na madoa ya bluu, pedi zimeng'aa kama kioo, na mipira ya kuzuia vumbi kwenye kalipa imekauka na kupasuka. Kalipa zikashuka.

Pistoni naitoa kwa kutumia pedali yenyewe kabla sijafungua bomba: nachomoa pedi, naweka kipande cha mbao ndani ya kalipa, namwambia msaidizi akanyage polepole mpaka pistoni iguse mbao. Wengi hutumia upepo wa kompresa. Inafanya kazi, ila pistoni hutoka kama risasi, na nimeona kidole kilichokuwa njiani. Ikishatoka, angalia uso wake kwenye mwanga. Ikiwa kromu imetoboka kwa kutu, hata kishimo unachokihisi kwa ukucha tu, itupe. Kutu kidogo ndani ya kalipa si tatizo kubwa kiasi hicho, kwa sababu sili imekaa kwenye mfereji wa kalipa na inasugua pistoni, haisugui ukuta. Mfereji wenyewe usafishe vizuri, kwa kijiti cha mbao badala ya bisibisi.

Sili hiyo ina kazi mbili, na ya pili watu hawaijui. Ukiikata utaona ina pembe nne, si mviringo. Ukikanyaga breki, pistoni inakwenda mbele na sili inapinda nayo. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni sehemu ndogo ya milimita. Hakuna springi nyingine inayofanya hivyo. Sili iliyopikwa ikawa ngumu haijinyooshi, kwa hiyo hata baada ya kurekebisha fimbo ungebaki na pedi zinazogusa diski muda wote. Lainisha sili mpya kwa mafuta ya breki mapya, basi. Oili ya injini au grisi ya kawaida inauvimbisha mpira huu, na ndani ya siku chache unaanza upya.

Kuhusu kuagiza sili: pima pistoni kwa vernia. Mwenye gari aliwahi kuagiza kwa jina la gari lililochinjwa, akaletewa saizi nyingine, maana modeli hiyohiyo ilifungwa kalipa tofauti kulingana na injini. Kwenye gari la kujiundia, milimita ndiyo jina la spea.

Nikifungua bomba la mbele kulia nikakuta jambo lililonitisha kuliko breki zilizojikamata. Nati ya bomba ilikuwa inacheza kwenye tundu lake. Nati za breki zinazokutwa sana kwenye magari haya ni za aina mbili: ya milimita 10 yenye meno ya milimita 1, na ya inchi tatu kwa nane yenye meno 24 kwa inchi. Kwa macho ni mapacha. Ya inchi ina upana wa milimita 9.5 tu, na meno yake yanakaribiana sana na yale ya milimita, kwa hiyo inaingia kwenye tundu la milimita 10, inashika meno mawili matatu kwa ncha, na inakaza kiasi cha kukudanganya. Siku utakayokanyaga kwa nguvu zote ndiyo siku itakayong'oka. Kinyume chake hakiwezekani, ya milimita haiingii kwenye tundu la inchi. Hivyo mimi naweka nati moja ya kila aina kwenye droo, zimepakwa rangi tofauti, na najaribu kila tundu kwa vidole. Nati sahihi inaingia kwa vidole bila kutikisika. Ncha ya bomba pia ina maumbo mawili, ya faneli iliyokunjwa mara mbili na ya kiputo, na kila tundu linataka umbo lake. Niliyakata mabomba yote ya mbele na kuyatengeneza upya kwa shaba iliyochanganywa na nikeli. Haishiki kutu, na inakunjika vizuri.

Breki za nyuma zilikuwa za dramu, ambamo shuu zinatanuka ndani ya ngoma badala ya pedi kubana diski. Nilizifungua, nikasafisha kwa kimiminika badala ya kupuliza (vumbi la breki za zamani huenda lina asbesto), nikakuta silinda kavu na shuu zina nyama, nikafunga.

Wakati wa kurudisha kalipa, nipeli ziwe juu. Linaonekana jambo la kitoto, lakini kalipa ya kushoto mara nyingi hukubali kufungwa kulia, na upepo hukaa juu ya nipeli ukacheka. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilitoa upepo kwenye gari moja siku nzima, nikamaliza chupa tatu za mafuta, kabla bosi wangu hajapita na kuuliza kwa nini nipeli zinaangalia ardhi.

Mafuta niliweka DOT 4. Yakiwa mapya huchemka kwa angalau nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya unyevu kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155, na ya gari hili yalikuwa na rangi ya chai. DOT 5.1 huvumilia 260 na unaweza kuyachanganya na DOT 4. DOT 5 bila hiyo moja ni silikoni, kitu kingine kabisa, usiyachanganye na haya. Kutoa upepo nilianza gurudumu lililo mbali na masta silinda. Msaidizi asikanyage pedali mpaka chini, kwa sababu kwenye silinda ya zamani sili zitapita sehemu ambayo hazijawahi kupita, yenye kutu, na zitachanika.

Mwenye gari aliomba pia tumwekee masta silinda kubwa, kwa kuwa pedali ni ngumu kwake. Gari hili halina sevo ya breki (kifaa kinachouongezea mguu nguvu), na kwa uzito wa kilo 600 halihitaji. Lakini silinda kubwa ingezidisha ugumu. Dawa ni silinda ndogo: ukitoka inchi 7/8 kwenda 3/4, eneo la pistoni linapungua, na mguu uleule unatoa presha iliyozidi kwa asilimia 36. Malipo yake ni pedali kwenda chini zaidi kwa kiasi hichohicho. Nikamwambia aendeshe kwanza wiki mbili na pedi nzima, ndipo tuongee.

Pedi mpya nilizizoesha kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 15 kwa saa mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, nikizipa nafasi ya kupoa katikati. Kisha nikakanyaga kwa nguvu kwenye uwanja mtupu kuona magurudumu yapi yanafunga kwanza. Yalikuwa ya mbele, vizuri. Kama yangefunga ya nyuma, gari lingegeuka mkia mbele, na nisingelitoa gereji bila vali ya kupunguza presha ya nyuma.

Mwisho nikapima tena ile nafasi ya fimbo, gari likiwa la moto. Milimita 1, bado ipo. Nikakaza nati ya kufungia na kuichora mstari mweupe unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye fimbo, ili mstari ukikatika tujue kuna mkono umepita hapo.