Dunia Kulizunguka Jua: Kwa Nini Nadharia Hii Ilizua Ubishi Mkubwa

Mpaka leo tunasema jua limechomoza na jua limetua, wala hatudanganyi, kwa kuwa ndivyo macho yanavyoona. Mwaka 1543 Nicolaus Copernicus, mwanafalaki wa Poland, alichapisha kitabu kilichosema kwamba dunia ndiyo inayojizungusha kila siku na kulizunguka jua kila mwaka. Ubishi uliofuata husimuliwa kama kisa chepesi cha mwerevu mmoja na wajinga wengi. Kisa hicho kimepotoka, na upotofu wake unatuzuia kuelewa kwa nini nadharia mpya kuhusu mbingu hupokelewa kwa ukali.

Dhana potofu: Waliompinga Copernicus hawakujua sayansi.

Tycho Brahe wa Denmark, aliyepima nafasi za nyota na sayari kwa usahihi ambao hakuna aliyewahi kuufikia kabla yake Ulaya, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Ili kuielewa hoja yake, nyoosha mkono, simamisha kidole gumba mbele ya mti ulio mbali, kisha ukitazame kwa jicho la kulia peke yake, halafu kwa la kushoto: kidole kitaonekana kuhama. Ikiwa dunia huwa upande mmoja wa jua mwezi Januari na upande wa pili mwezi Julai, basi nyota za karibu zilipaswa kuonekana zikihama vivyo hivyo mbele ya zile za mbali. Tycho hakuona mhamo wowote.

Copernicus alikuwa amekwisha kusema kwamba nyota ziko mbali mno, hata mhamo hauonekani. Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini lilizaa tatizo jingine, kwa sababu wakati huo nyota zilidhaniwa kuwa na upana unaoweza kukadiriwa kwa macho, na kitu chenye upana huo kikiwekwa mbali kiasi hicho, lazima kiwe kimelizidi jua kwa ukubwa usiosadikika. Baadaye sana ndipo ilipofahamika kwamba upana ule hutokana na jinsi nuru inavyotawanyika katika hewa, jicho na lenzi, wala si umbo la nyota yenyewe. Kumwita Tycho mjinga ni kumdhulumu, maana alileta kipimo, na kipimo chake kilikuwa kizuri kadiri vyombo vyake vilivyoruhusu.

Isitoshe, Copernicus aliendelea kutumia miduara juu ya miduara kama wazee waliomtangulia, na utabiri wake wa mahali zilipo sayari haukuwa bora sana kuliko wao. Ni Johannes Kepler aliyeonyesha, mwaka 1609, kwamba sayari hupita katika njia ya duaradufu, yaani duara lililorefuka kidogo, na alifika hapo kwa kutumia vipimo vilevile vya Tycho.

Dhana potofu: Ulikuwa ugomvi wa dini na sayansi tangu siku ya kwanza.

Copernicus alikitabaruku kitabu chake kwa Papa Paulo III, na Kanisa Katoliki lilikizuia mwaka 1616, yaani miaka 73 baadaye. Katikati hapo Ulaya ilikuwa imegawanyika kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na swali la nani ana haki ya kufasiri Maandiko lilikuwa limegeuka kuwa swali la mamlaka. Galileo Galilei, mwanafalaki wa Italia aliyemuunga mkono Copernicus, alipoingia katika ufasiri huo aligusa kidonda kibichi. Hilo halihalalishi hukumu ya 1633 iliyomfungia nyumbani mpaka alipofariki mwaka 1642, ilikuwa dhuluma. Lakini aliyekwisha kuusoma mgogoro huo kama vita vya imani na akili tu hawezi kueleza kwa nini wanafalaki Wajesuiti wa Roma, watawa wa Kanisa Katoliki lenyewe, waliyathibitisha mambo ambayo Galileo aliyaona kwa darubini.

Dhana potofu: Galileo alikuwa na ushahidi usiopingika.

Alikuwa na ushahidi mzito, ila haukutosha. Kuona Zuhura ikipitia hatua kama za mwezi kuliangusha mfumo wa kale wa Ptolemy, uliosema kwamba jua na sayari zote huizunguka dunia, lakini hakukuuangusha mfumo wa Tycho, ambamo sayari hulizunguka jua, nalo jua huizunguka dunia. Hoja ambayo Galileo mwenyewe aliipenda kuliko zote, kwamba maji ya bahari hujaa na kupwa kwa sababu dunia inakwenda, ilikuwa ya makosa. Aliona ni utoto kuuhusisha mwezi na bahari, ilhali wavuvi wa pwani yetu hupanga safari zao kwa mwezi: bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukipevuka, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huja kati ya nyakati hizo.

Ushahidi wa moja kwa moja ulichelewa. Mwaka 1729 James Bradley alieleza jinsi mwendo wa dunia unavyopotosha kidogo mwelekeo wa nuru ya nyota. Mhamo aliokuwa akiutafuta Tycho ulipimwa na Friedrich Bessel mwaka 1838, kwenye nyota iitwayo 61 Cygni: ulikuwa mdogo kama upana wa sarafu ya sentimita 2.5 inayotazamwa kutoka kilomita 16. Kufikia hapo wanafalaki walikuwa wamekwisha kukubali zamani, kwa nguvu ya hesabu za Kepler na Newton, na vitabu vya Copernicus na Galileo vilikuwa vimeondolewa katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku miaka 3 kabla.