Kaskazi hii, punguza chakula cha samaki

Tangu joto la kaskazi lipambe moto hapa Dar es Salaam, simu ninazopigiwa zinafanana: sato hawali kama zamani, na mwenye bwawa la uani ameshabadilisha chakula au amekiongeza. Naomba sana, fanya kinyume. Joto likizidi, punguza.

Maji ya nyuzi joto 20 yana uwezo wa kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, ni kama 7.5 tu. Na hapo ndipo samaki anapoihitaji zaidi, maana joto huharakisha kazi za mwili wake. Akishiba, usagaji wa chakula unadai hewa nyingine. Mabaki nayo yanaoza, yanakula hewa hiyohiyo na kuacha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki.

Mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini giza likiingia nao unaivuta. Kufikia alfajiri hewa imebaki kidogo kuliko wakati wowote. Amka saa kumi na moja, chukua tochi, usimame kimya pembeni. Ukiwaona sato wamejaa juu, midomo inafunguka na kufumba kwenye uso wa maji, siku hiyo usilishe kabisa. Washa pampu, maji yarushwe na kuanguka kutoka juu, au ongeza maji mapya kidogo kidogo. Ya bomba yenye klorini yakae kwanza kwenye tangi lililo wazi siku moja au mbili. Kambare wasikudanganye: wana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo watacheza vizuri tu huku sato wanakufa.

Sato wa gramu 100 huwapa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wao kwa siku. Kwa samaki 100 ni gramu 200 hadi 300. Maji yakipita nyuzi 32, nashusha hadi nusu. Napendelea chakula kinachoelea kwa sababu nakiona. Natupa konzi moja, nangoja iishe, ndipo natupa nyingine. Kilichobaki baada ya dakika 10 nakitoa kwa wavu. Pumba na makombo ya ugali huzama yakaozea chini, kwa hiyo msimu huu siyatumii.

Mlo wa kwanza uwe saa tatu au nne asubuhi, jua likishawaka. Wa mwisho usipite saa kumi jioni. Wengi hulisha wakirudi kazini saa moja usiku, na hilo linanisikitisha, kwani samaki anaingia usiku na tumbo limejaa. Mwachie kazi hiyo aliyeko nyumbani mchana.

Kivuli cha makuti au wavu kifunike theluthi moja ya bwawa, sehemu nyingine ipate jua. Kisha zamisha mkono wima taratibu. Kiganja kikipotea machoni kabla kiwiko hakijagusa maji, ukijani umezidi: acha kuweka samadi, punguza sehemu ya maji ya chini na ujaze mapya.