"Historia hujirudia," wakasema tena

Juzi kwenye kikao cha sera, mtu mzima na elimu yake akanigeukia: "Wewe si ndiye mwanahistoria? Tuambie mara ya mwisho ilikuwaje, tufanye vilevile." Nimechoka. Tukio linalofanana na la leo kila mtu analo mfukoni. Mimi naitwa kulichokonoa.

Chukua Marekani, 1976. Askari kijana anafariki kambini Fort Dix, na virusi vilivyokutwa vinafanana na vile vilivyohusishwa na janga la mafua la 1918. Basi, hofu ya 1918 ikatawala kila kikao. Machi mwaka huohuo Rais Ford akatangaza kila Mmarekani achanjwe. Watu zaidi ya milioni 40 wakachanjwa, janga halikuja, baadhi yao wakapata ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré, na Desemba mpango ukasimamishwa. Siwalaumu kwa kuogopa, hata mimi ningeogopa. Kinachonikera ni kwamba maamuzi mawili, kutengeneza chanjo na kuwachoma watu, yalifungwa kama furushi moja. Mjumbe mmoja wa kamati ya ushauri, Dkt. Russell Alexander, aliuliza: tufike wapi ndipo tuache kuchanja, dawa tuiweke stoo tu? Swali rahisi kabisa, likapita hivihivi.

Maswali kama hayo nayasikia zaidi kwa watu wasio na cheo cha kulinda. Ndiyo maana natetea mabaraza ya wananchi waliopatikana kwa bahati nasibu. Na tafadhali, sisemi mkutano wa hadhara ambako mwenye sauti kubwa hapokonyeki kipaza sauti! Nasema watu wa kawaida wanaopewa muda, wanasoma, wanawabana wataalamu, kisha wanabishana wao kwa wao. Baraza la Ireland lilikuwa na wananchi 99. Walitumia wikendi tano kwenye suala la utoaji mimba, ambalo wanasiasa walikuwa wakilikwepa, na Mei 2018 asilimia 66 ya wapigakura wakakifuta kifungu cha katiba kilichouzuia. Mambo hayaishi hivyo kila mara. Huko British Columbia, Kanada, wajumbe 160 walipendekeza mfumo mpya wa uchaguzi mwaka 2004. Mwaka uliofuata ukapata karibu asilimia 58 ya kura, ilhali sharti lilikuwa 60. Ukafa.

Sasa lile ambalo miongozo yetu ya kuendesha mabaraza haya hailisemi: makabrasha ya historia wanayosoma wajumbe nayaandaa mimi. Nikitanguliza tukio la kutisha, chumba kizima kinakuwa na woga hadi jioni. Siku hizi naweka simulizi mbili zinazopingana, lakini hizo mbili nazo nimezichagua mimi, na sijapata dawa yake.

Yule bwana wa kikao nilimpa karatasi yenye safu tatu: yanayofanana, yasiyofanana, tusiyoyajua. Ameirudisha jana. Safu ya kwanza imejaa hadi pambizoni. Mbili zilizobaki, nyeupe pe.