Bingwa wa Kazi Akipewa Watu wa Kuongoza: Dhana Potofu na Ukweli

"Anayefanya kazi vizuri kuliko wote ndiye atakayewaongoza wote vizuri."
Vyeo vingi hutolewa kwa imani hii. Wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue waliwafuatilia wauzaji wa kampuni zaidi ya 100, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2019. Kampuni zilipenda kumpandisha cheo aliyeuza sana. Lakini kadiri mtu alivyong'ara peke yake kabla ya cheo, ndivyo mauzo ya watu aliokabidhiwa yalivyoelekea kuwa duni. Waliozoea kuuza kwa kushirikiana na wenzao walifaa zaidi umeneja, ila hilo halikupewa uzito.

"Nikifanya mwenyewe itaisha haraka."
Ni kweli, kwa leo. Hapa ndipo mabingwa wengi wanapokwama, na siwalaumu: mikono inawasha ukimwona mtu akihangaika kwa saa tatu na jambo unalolimaliza kwa dakika ishirini. Shida ni kwamba ukimpokonya leo, wiki ijayo atakuletea tena lile lile, na mwenzake naye atakuja nyuma yake. Mwisho wake timu nzima inapanga foleni mezani kwako.

Kuna kosa baya kuliko hilo: kumpa mtu kazi, kisha usiku kuifumua na kuiandika upya kimyakimya. Asubuhi anaikuta imebadilika, hajui alikosea wapi, na safari nyingine hatajisumbua. Kukasimu kazi ni kusema mapema matokeo yanayotakiwa, mwisho wake lini, yapi anaweza kuamua bila kukuuliza, na siku gani mtaipitia pamoja. Akija na swali kabla ya siku hiyo, mwulize kwanza yeye ameonaje. Mara nyingi jibu analo.

"Watu wanaoijua kazi hawahitaji meneja."
Google walilijaribu hili mwaka 2002, wakawaondolea wahandisi mameneja wao. Jaribio lilidumu miezi michache tu, kwa sababu watu walianza kumfuata Larry Page mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, kwa madai ya fedha za matumizi na ugomvi wao wa kazini. Kuanzia 2008 kampuni hiyo ikachunguza meneja mzuri hufanya nini, ikapata tabia nane. Ya kwanza ilikuwa kuwalea watu kikazi kama kocha. Ujuzi wa kiufundi ulikuwa wa nane. Wa mwisho, naam, lakini haukufutwa.

"Kiongozi akisema 'sijui' anashuka hadhi."
Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini, akitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamgeuka: timu nzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi. Hazikuwa zikikosea zaidi. Watu wa timu hizo hawakuogopa kuyataja. Bosi asiyekubali kwamba kuna asichokijua huletewa habari njema peke yake, na mbaya huzipata zikiwa zimechelewa.

"Ukirudi kwenye utaalamu umeshindwa."
Hizi ni kazi mbili tofauti. Baadhi ya kampuni zina ngazi mbili za vyeo, ya wataalamu na ya mameneja, na mtu huhama kutoka moja kwenda nyingine bila kupunguziwa mshahara. Ulizia kama kwenu ipo kabla hujasaini barua ya cheo.