Mizani inapokula tarakimu: dhana na ukweli kuhusu chipu ya poti ya siriali

Mtu akiniletea shida ya poti ya siriali (tundu la kompyuta linalopokea data biti moja moja kupitia waya) hapa Mwanza siku hizi, najua nyuma yake kuna mashine ya zamani ambayo mwenyewe hataki kuachana nayo. Wa mwisho alikuwa karani wa mizani ya malori kwenye kiwanda cha kuchambua pamba: kompyuta ya 286 inayotumia mfumo wa DOS, na lori la kilo 14,520 linasomeka 4,520. "Fundi, waya umeoza," akasema. Alikuwa ameshanunua mwingine.

Waya husingiziwa sana. Waya mbovu kwa kawaida hukata mawasiliano au huleta alama za ajabu. Hapa ilipotea tarakimu ya mbele tu, nyingine zote safi. Poti hii huendeshwa na chipu. Ile ya 8250 iliyokuja na IBM PC mwaka 1981, na ndugu yake 16450, hushika herufi (au tarakimu) moja tu iliyopokelewa. Kwa kasi ya 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, herufi huingia kila milisekunde moja hivi. Programu ya mizani ile, kila mstari ukiisha, inasogeza skrini juu kwanza ndipo irudi kuchungulia poti. Inaporudi, herufi ya pili imeshaikalia ya kwanza.

"Basi weka chipu mpya zaidi, 16550, yaishe." Hapo ndipo wengi tunapopoteza hela. 16550 ya kwanza kabisa ina foleni, yaani nafasi ya kushika herufi zinazosubiri kusomwa, ila ina kasoro. Inayofaa ni 16550A na kuendelea, yenye foleni ya herufi 16. Bahati nzuri chipu yake ilikuwa kwenye soketi, ile ndefu ya miguu 40, nikaichomoa na kuchomeka 16550AFN. Mizani ikaendelea kula tarakimu vilevile.

Kumbe chipu hii ikiwashwa huamka ikijifanya 16450. Foleni imefungwa mpaka programu iifungue, na programu ya karani iliandikwa na mtu asiyejua kuwa kuna foleni. Nikafungua DEBUG, kifaa cha DOS cha kuongea na chipu moja kwa moja, nikaandika O 3FA 1 (fungua foleni) kwa ajili ya COM1, yaani poti ya siriali ya kwanza, kisha I 3FA (soma jibu). Jibu likianza na C, foleni ipo na imefunguka. Likianza na 8, umeuziwa ile yenye kasoro. Likianza na 0, foleni hakuna au haijafunguliwa. Lake lilikuwa C1. Hila hii inafaa programu inayochungulia poti yenyewe. Inayosubiri kuitwa kwa IRQ (ishara ambayo kifaa hutumia kuita kompyuta) na kuchukua herufi moja kila ikiitwa inaweza kuganda kabisa, kwa hiyo jaribu kabla ya kuondoka.

Wapo wanaodhani chipu mpya itaongeza kasi. Haiongezi, mizani ikituma kwa 9600 itabaki 9600.

Na ile ya "COM1 na COM3 ni poti mbili tofauti": anwani ni mbili kweli, 3F8 na 3E8, ila kwa kawaida zote zinatumia IRQ 4. Kipanya huku na modemu kule kwenye kadi za ISA (kadi za zamani za kuchomeka ndani ya kompyuta), ukizitumia pamoja, moja itaganda. Hamishia modemu COM2.

Amri ile ya DEBUG nikaiweka kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri ambazo DOS huzitekeleza kila kompyuta ikiwashwa. Lori lililofuata likasoma 13,860. Karani akalitazama, kisha akaniuliza kama duka la waya huwa linarudisha pesa.